Mama aliyetoka arobaini na simu yake

Kwetu pwani mzazi hulelewa siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, hupikiwa uji wa pilipili manga, na nyumba haikosi mtu mzima wa kumpokea mtoto usiku ili mama alale. Arobaini ikishatoka, mashangazi hurudi makwao, bibi ya mtoto hupanda basi la Malindi au la Lamu, na mume alisharudi kazini kitambo. Hapo ndipo wengi wetu hubaki na mtoto mkono mmoja na simu mkono wa pili, saa tisa za usiku. Dada yangu uliye hapo sasa, nakuandikia wewe.

Mimi sonona, yaani depression, ilinishika baada ya uzazi wa pili, na haikuja kwa kilio. Ilikuja kwa kutosikia ladha ya kitu. Mtoto ananyonya, ananenepa, watu wanamsifu, nami namtazama kama mtoto wa jirani niliyeachiwa nimshikie. Nikiulizwa hali najibu "Alhamdulillahi, mzima," maana ndivyo mzazi anavyotarajiwa kujibu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 20 kati ya 100 hupata matatizo ya afya ya akili baada ya kujifungua, na yanayoongoza ni sonona. Lile benchi la kliniki unalokalia na wenzako kusubiri chanjo, huenda aliye kando yako naye amejibu "mzima" asubuhi hiyo.

Simu ilinisaidia, ila si kila kilichomo simuni. Nilijifunza kukiuliza kila chombo swali moja: kinanipeleka kwa mtu, au kinataka nibaki nacho? Vilivyonipeleka kwa mtu nimevishika. Vingine nimevifuta.

Cha kwanza nitakachokupa ni dodoso la Edinburgh, la kupima dalili za sonona. Lilitungwa na John Cox na wenzake huko Scotland, likachapishwa mwaka 1987, kwa ajili ya waliojifungua hasa. Lina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla haizidi 30. Linauliza kama umeweza kucheka, kama unajilaumu pasipo sababu, kama unaingiwa na hofu usiyojua imetoka wapi, kama huzuni inakunyima usingizi. Halikuulizi kama umechoka au umepoteza hamu ya kula, na hiyo ndiyo busara ya waliolitunga, kwa sababu mzazi yeyote wa mtoto mchanga amechoka. Dodoso la kawaida la sonona lingeweza kuhesabu uchovu wa kunyonyesha kuwa ugonjwa. Hili limeuacha nje.

Linapatikana bure mtandaoni, na kwa Kiswahili pia. Wahudumu wengi hutumia 10 au 13 kuwa mpaka wa kumwangalia mama kwa karibu. Alama peke yake haitoshi kusema una sonona, inatosha kusema unahitaji kuonwa. Swali la 10 linauliza kama umewahi kufikiria kujidhuru. Ukilijibu chochote kisichokuwa "kamwe", usingoje jumla wala siku ya kliniki. Mwambie mtu siku hiyo hiyo.

Mimi nilikuwa nikilijaza kila Ijumaa, naandika jumla na tarehe kwenye daftari la simu, na chini yake mstari mmoja: nimelala saa ngapi, nimetoka nje au sikutoka, nani kanitembelea. Faida yake niliiona kliniki. Kenya mtoto hupelekwa chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na siku hizo ndizo mlango ulio wazi kuliko wote, kwa sababu unakwenda hata kama huna nguvu ya kujiendea mwenyewe. Lakini foleni ni ndefu, mtoto analia kwa sindano, sista anauliza "Mama, kuna shida?" huku mkono wake uko kwenye kijitabu cha anayefuata. Maneno hapo hukauka. Nilichofanya ni kumpa simu. "Sista, naomba usome hii kwanza." Akasoma zile tarehe na jumla zilizokuwa zikipanda, akaniuliza: "Mtoto akilala, wewe hulala?" Nikamwambia hapana, hulala macho yakiwa juu ya dari. Akavuta kiti. Kutoka hapo nilipelekwa kwa mshauri, kisha kwa daktari.

Nakusihi ufanye hivyo hata kama unaona aibu. Ugonjwa huu hula kumbukumbu. Ukiulizwa wiki mbili zilizopita ulikuwaje, huwezi kusema. Maandishi yako yatasema. Na usiogope kwamba daktari atakukataza kunyonyesha: zipo dawa za sonona zinazoweza kutumiwa na mama anayenyonyesha, naye ndiye wa kukuchagulia. Usianze wala usiache dawa kwa ushauri wa video.

Chombo changu cha pili hakina hata jina. Ni sauti za WhatsApp kati yangu na rafiki yangu mmoja. Tulipatana kwamba kila siku kabla ya alasiri nitamtumia sauti, hata ya sekunde tano, hata ya kupumua tu. Isipofika, anapiga. Nisipopokea, anakuja. Hakunipa nasaha wala hakuniambia nishukuru, na kwa hilo namwombea kila la heri. Kama una shoga wa namna hiyo, mwombe mpatane leo, kwa saa maalumu, kwa maneno ya wazi. "Nipigie ukihitaji" haifanyi kazi, kwa sababu mtu mwenye sonona haoni kama anahitaji; huona anasumbua watu.

Huduma za ujumbe mfupi nazo usizidharau kwa kuwa simu yako ni ya vitufe. Hapa Kenya kuna PROMPTS ya shirika la Jacaranda Health, inayowatumia wajawazito na waliojifungua ujumbe wa bure na kuwawezesha kuuliza maswali. Swali la hatari hupelekwa kwa mtu. Mwaka 2023 shirika hilo lilitoa pia UlizaLlama, modeli ya akili mnemba iliyofunzwa Kiswahili. Napenda muundo huo: mashine inapanga foleni, binadamu anashika kesi nzito. Uliza hospitali uliyojifungulia kama wanakuandikisha.

Mazoezi ya kupumua yaliyorekodiwa yana kazi yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2020 mwongozo wa picha wa kukabili msongo, una sauti za mazoezi na ni bure. Pakua sauti hizo mara moja, usikilize simu ikiwa haina data, ili arifa zisikuvute kwingine. Mimi zilinituliza usiku. Hazikuniponya, wala hazikuahidi hivyo.

Sasa hizi programu za kuzungumza nazo. Najua wengi mnaziandikia usiku, kwa sababu zinajibu upesi, hazichoki, na hazitakwenda kumsimulia mavyaa wako. Mvuto huo si mpya. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alichapisha habari za programu yake ELIZA, iliyokuwa ikigeuza tu maneno ya mtu kuwa maswali, naye alisimulia jinsi katibu wake, aliyejua fika kwamba ni mashine, alivyomwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faragha. Za leo zina ufasaha mara nyingi zaidi, basi na moyo hufunguka zaidi. Zitumie kwa kazi ndogo: kukusaidia kupanga maneno utakayomwambia mumeo, au kuandaa maswali ya daktari. Usizitumie kuamua kama uko salama. Huwa zinaelekea kukubaliana nawe, na akili yenye sonona si ya kukubaliwa. Wala haziwezi kuona kwamba chai yako imepoa tangu asubuhi na hujaigusa.

Tena hazidumu. Woebot, iliyoanzishwa na mwanasaikolojia Alison Darcy, ilizinduliwa mwaka 2017 na kupata watumiaji wengi. Toleo lake la sonona baada ya kujifungua lilipewa hadhi maalumu na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2021. Tarehe 30 Juni 2025 programu hiyo ilifungwa. Chochote unachoandika kuhusu hali yako, weka nakala mahali pako mwenyewe.

Na siri. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka BetterHelp, kampuni ya ushauri wa mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 kwa kupitisha taarifa za wateja wake kwa makampuni ya matangazo, ikiwemo Facebook. Finland nako, mwaka 2020, wagonjwa wa vituo vya Vastaamo walianza kupokea vitisho kutoka kwa mwizi aliyeiba kumbukumbu za mazungumzo yao na washauri, akidai fedha. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data inaihesabu habari ya afya yako kuwa nyeti na inakupa, katika hali fulani, haki ya kudai ifutwe. Lakini sheria hiyo haikulindi na shemeji anayeazima simu yako kupiga picha za arusi. Weka namba ya siri kwenye daftari hilo, zima arifa zinazojitokeza kwenye skrini iliyofungwa, na usitumie jina lako kamili kwenye programu isiyolihitaji.

Ukiweza kupata mshauri kwa njia ya simu, omba ya sauti badala ya video. Data itatumika kidogo, na utaweza kuzungumza huku unatembea nje ya nyumba, mtoto akiwa kwa bibi yake. Nyumba zetu kuta zake zinasikia.

Kuna hali moja ambayo sitaki kabisa uifungulie programu. Mzazi akikaa siku mbili tatu bila kulala na asione haja ya usingizi, akasikia sauti wengine wasizozisikia, akaanza kuamini mambo ya ajabu juu ya mtoto, au akawa mwingine asiyefahamika, huo ni ugonjwa mwingine, mkali. Huwapata mama mmoja au wawili katika kila uzazi 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, na hutibika vizuri ukiwahiwa. Kama mmeita wa kusoma dua, asomee njiani. Mama apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na asiachwe peke yake na mtoto.

Kaka unayesoma kwa niaba ya mkeo: kazi yako ni rahisi kuitaja. Mshikie mtoto dakika kumi ajaze dodoso bila kumchungulia, mwekee salio, na siku ya chanjo nenda naye, ukae karibu hadi sista amalize kusoma. Usiku mambo yakizidi, Kenya piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, haina malipo. Ikiwa mzazi mwenyewe bado ni mtoto wa shule, 116, simu ya msaada kwa watoto, inapokelewa Kenya na Tanzania.