Jibu: Kumtafuta babu wa mkeo, kuli wa bandari ya Liverpool

Ndugu yangu, umeuliza uanzie wapi kutafuta kumbukumbu za babu wa mkeo, aliyekuwa kuli wa bandari ya Liverpool. Anzia rejesta ya Septemba 1939, orodha ya watu iliyoandikwa na serikali vita vilipoanza: ina jina, tarehe ya kuzaliwa na kazi ya karibu kila raia wa Uingereza. Kisha rudi sensa ya 1921. Hapo ndipo penye utamu kwa familia za vibarua, maana inataja hata mwajiri, na fomu ilijazwa nyumbani. Huenda ukauona mwandiko wa mzee mwenyewe. Mimi nilitokwa na machozi kuuona wa kwetu! Sensa ya 1931 usiihangaikie, iliungua 1942. Na kama alikuwa askari, faili nyingi za askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia ziliteketea kwa mabomu London, 1940, ila kadi za medali, zinazoonyesha nani alistahili medali, zimebaki. Jina likikosekana, jaribu tahajia nyingine.