Wimbo Usiimbwe Tu, Uhojiwe

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa mwalimu kijana anayefundisha shule ya msingi huko Urambo, Tabora. "Shikamoo mwalimu. Nasikia unafundisha Jiografia kwa bongo fleva. Nami nimejaribu. Watoto wanaimba mpaka bati zinatetemeka, ila nikiuliza ghuba ni nini, kimya. Nakosea wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Unakosea palepale nilipokosea mimi, na nilikaa na kosa hilo miaka miwili, kwa hiyo nivumilie nikusimulie.

Nilichukua mdundo wa wimbo uliokuwa ukivuma, nikatoa maneno ya msanii, nikaweka yangu: ikweta, latitudo, rasi, ghuba, delta, bonde la ufa. Darasa la sita wakaupenda kupita kiasi. Waliuimba mapumzikoni, waliuimba wakiteka maji, na mama mmoja akanisimamisha sokoni kuniambia mwanawe anauimba hata usingizini. Nikajiona nimefika. Mtihani wa muhula ukaja, swali likataka maana ya delta. Msichana niliyemtegemea kuliko wote akaandika ubeti wangu mzima, neno kwa neno, kiitikio mara mbili. Maana hakuiandika kwa sababu sikuwahi kumpa.

Muhula uliofuata akaja ofisa mmoja kukagua shule. Akanikuta nimewasimamisha watoto wanaimba, akauliza mbele yao kama ninafundisha au ninaendesha disko. Miaka imepita na bado linaniuma. Kukosolewa nilistahili, nakubali. Lakini wale watoto kwa siku kadhaa hawakuthubutu kupaza sauti hata kwenye wimbo wa taifa. Mwalimu anaweza kusahihishwa ofisini, mlango umefungwa.

Nikaacha nyimbo karibu mwaka mzima. Kilichonirudisha ni safari ya bajaji. Natoka Mwanga kurudi Ujiji, huku kwetu Kigoma, jioni, dereva kafungulia wimbo wa mapenzi, mwimbaji anamsihi mpenzi wake waamke alfajiri wakatazame jua likitoka majini. Mwanafunzi wangu mmoja, tuliyebanana naye kiti cha nyuma, akacheka. "Mwalimu, huyu muongo. Jua halitoki majini, linaingia majini!"

Sikulala vizuri usiku ule. Mtoto wa Ujiji tangu azaliwe ameona jua likichomoza nchi kavu na kuzama ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nyuma ya milima ya Kongo. Ukimwimbia maneno ya mtu wa pwani anayameza tu, au anamwita mwimbaji muongo. Na huyo anayemwita muongo ndiye aliyeanza kujifunza.

Kesho yake nikaazima spika ndogo kwa fundi simu, nikapiga mstari ule mmoja tu, nikazima. Nikauliza: "Huyu mwimbaji amesimama wapi?" Kipindi kizima kikaisha kwa ubishi. Mwenye shangazi Dar es Salaam akasema kule bahari iko mashariki. Tukatundika ramani. Mwingine akakumbuka Ramadhani: redio ya Dar inaadhini Magharibi na huku jua bado lipo, bibi anawapiga vikofi wasiguse tende. Hapo nikawapa hesabu. Dunia huzunguka digrii moja ya longitudo, yaani kipimo cha mashariki na magharibi kwenye ramani, kwa dakika 4. Dar es Salaam iko kwenye digrii 39 na kitu, Kigoma haijafika 30. Wakapiga wenyewe, wakapata karibu dakika 40. Neno "longitudo" nililiandika ubaoni mwisho kabisa, na sijalazimika kulieleza tena darasa lile.

Wimbo wa pili ulikuwa na mstari wa mto unaokimbilia baharini. Nikauliza: bahari ipi? Wote: "Ya Hindi!" Tukaufuata mto wetu Malagarasi kwa kidole, kutoka karibu na mpaka wa Burundi hadi unapomwaga maji ziwani. Pale mdomoni ndipo delta ilipopata maana, kwa sababu wapo ambao wajomba zao wanavua Ilagala na wanajua jinsi mto unavyogawanyika na kumwaga tope. Kisha maji ya ziwa lenyewe yanatokaje? Kwa mto Lukuga, upande wa pili, kuingia mfumo wa mto Kongo, mpaka Bahari ya Atlantiki. Mtoto mmoja akasimama, hakuamini, akaja kupima ramani kwa rula.

Kwa hiyo ndugu yangu, na walimu wenzangu wote mnaosoma hapa: acheni kutunga nyimbo za istilahi. Chukua mstari mmoja wa wimbo ambao watoto tayari wanao mdomoni. Mmoja, si wimbo mzima. Zima. Uliza mwimbaji yuko wapi, anaona nini, na kwetu je? Neno la kitabuni lije baada ya ubishi, lisije kabla. Nyimbo zenye maneno machafu ziache hukohuko kwenye bajaji. Na mkaguzi akija akute watoto wanabishana, asikute wanaitikia. Tunalalamika watoto hawashiki, kumbe sisi ndio tunaowapa maneno matupu kisha tunawadai maana. Tujirekebishe. Zima wimbo, uliza.

Kuhusu ghuba, ningeanza na kitu cha karibu. Kigoma mjini tuna ghuba, yaani mahali maji ya ziwa yameingia ndani ya nchi kavu, na bandari imekaa ndani yake kwa sababu mawimbi hayaifikii kwa nguvu. Urambo huna ziwa, lakini una mto Ugalla, na Ugalla unaingia Malagarasi. Wapigie watoto wako ule mstari wa mto unaokimbilia baharini, waanze na Ugalla, wafuate kwa kidole. Watafika huku kwetu. Wakifika, niandikie. Wangu nitawaambia wawapokee mdomoni mwa mto, tuendelee nao kuelekea Lukuga.