Gobore Likikataa Kulia: Kwa Mnaoanza Kuwinda Tabora

Wengi wanaoniletea gobore lililokataa kulia huanza kwa kulaumu fataki, kile kidude kinachogongwa na nyundo kuwasha moto, kisha baruti. Mimi huanza kwa kuhakikisha halina kitu ndani, halafu nafungua chuchu, yaani kile kichuma chenye tundu kinachovishwa fataki, na kuchungulia mfereji unaopeleka moto ndani. Mara nyingi jibu liko palepale: mafuta. Mwenyewe amesafisha bunduki vizuri, akaipaka mafuta, akaisimamisha kwenye kona ya chumba mtutu ukiwa juu. Mafuta yameteremka taratibu hadi chini yakatulia mferejini. Siku ya safari amemimina baruti juu yake. Fataki inalia "ta!", baruti imekaa kimya, na nguruwe pori anaondoka zake wala hakimbii.

Kwa hiyo gobore lililotoka kusafishwa bado halijawa tayari kwa kuwinda. Pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu mpaka kitoke bila alama ya mafuta. Kisha, bunduki ikiwa tupu, elekeza mdomo wa mtutu karibu na nyasi kavu au majani makavu chini, uvishe fataki na upige. Majani yakitikisika, njia iko wazi. Yasipotikisika usijidanganye kwamba baruti ikiingia mambo yatajinyoosha. Fungua chuchu, zibua kwa waya mwembamba, kausha, rudia. Fataki hizo unazochoma bure ndizo zinazofanya kazi kuliko zote. Nyumbani, ilaze bunduki au isimamishe mtutu ukiwa chini juu ya kitambaa, mafuta yatokee mdomoni.

Ni vizuri uelewe kinachotokea humo ndani. Fataki ni kikombe kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa. Wazo la kuwasha baruti kwa dawa ya kugongwa lilipewa hataza mwaka 1807 kwa mchungaji wa Scotland, Alexander Forsyth, naye alikuwa mwindaji wa ndege. Kikombe chenyewe cha shaba kilikuja baadaye kidogo. Cheche yake ni kali lakini ni fupi mno. Inapaswa kupita kwenye tundu jembamba, mara nyingi ikate kona, ndipo ikute baruti. Kitu chochote njiani, iwe mafuta, masizi, kutu au tone la maji, kinaimaliza nguvu kabla haijafika.

Na masizi hayakosekani. Baruti nyeusi ni sehemu 75 za shura (aina ya chumvi), 15 za mkaa na 10 za salfa, na ikiungua zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Inabaki kama moshi mzito na uchafu unaoganda ndani ya mtutu. Uchafu huo unavuta unyevu. Bunduki iliyopigwa asubuhi ya Desemba, mvua zetu zikiwa zimeshika, jioni utaikuta na utomvu mweusi, na kesho yake ni kutu. Dawa yake ni maji ya moto na sabuni ya mche siku hiyohiyo, si mafuta ya taa. Mafuta ya taa yanaondoa mafuta mengine. Chumvi za baruti zinataka maji. Ukishakausha, paka mafuta mepesi kama ya cherehani, kidogo tu. Chuchu iondoe kila unaposafisha, upake grisi kwenye hesi zake kabla ya kuirudisha, la sivyo itashikana na mtutu na siku ya kuihitaji utaivunja.

Sasa fataki zenyewe. Zina namba, na za bunduki za kuwindia zilizozoeleka ni 10 na 11. Mnunuzi mgeni huambiwa zote ni sawa. Si kweli. Fataki kubwa kuliko chuchu itadondoka njiani, na wengi huibana kwa vidole ishike. Hiyo ni kazi ya kubahatisha. Fataki ndogo haifiki chini, hivyo pigo la kwanza la nyundo linaisukuma tu mahali pake, na la pili ndilo linaloiwasha. Ukiona bunduki yako inalia kila mara kwa pigo la pili, usitafute uchawi: fataki haikai sawa, au kichwa cha chuchu kimepondeka kwa kupigwa nyundo bila fataki, au springi imechoka. Vika fataki kwa kuisukuma mpaka ikae, kidole au kijiti kikiwa pembeni, mtutu ukielekea pasipo na mtu.

Wapo wanaokwangua vichwa vya viberiti wakajaza fataki zilizokwisha kupigwa. Acha kabisa. Dawa hiyo inaweza kuwakia mkononi, na masalia yake yanakula chuma.

Katika kuzuia maji, sisi wa Tabora tuna bahati. Nta ya nyuki iko kila mahali, kuanzia Sikonge hadi Urambo, na hakuna bidhaa ya dukani ninayoiamini kuliko hiyo. Ilainishe kwa vidole, izungushie ukingo wa fataki pale inapokutana na chuchu. Umande na manyunyu hayataingia. Nta hiyohiyo ikichanganywa na mafuta ya mbuzi inafaa kulainisha kitambaa kinachofunga gololi, yaani risasi ya duara. Ila kitambaa kisichuruzike. Joto la Oktoba huyeyusha mchanganyiko huo, na bunduki iliyoshindiliwa asubuhi ikikaa juani hadi saa kumi, mafuta yatakuwa yameshaanza kunywewa na baruti. Mdomo wa mtutu unaweza kufungwa kwa kipande chembamba cha utepe wa plastiki, hasa ukipita kwenye nyasi ndefu.

Kushindilia kuna mambo mawili. Gololi lazima ikae juu ya baruti bila nafasi. Nafasi inaweza kuuvimbisha au kuupasua mtutu. Chora alama kwenye mdeki, ule ufito wa kushindilia, moja ya mtutu mtupu na nyingine ya mtutu ulioshindiliwa. Alama hizo zitakuambia kama kuna baruti mbili ndani, jambo linalotokea kwa watu wenye akili zao timamu wakiwa na haraka. La pili, baruti usiimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe au chupa. Ipime kwenye kipimo kwanza, maana kaa lililobaki ndani ya mtutu likiwasha, liunguze kipimo kimoja tu, si pembe nzima mkononi mwako. Mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua ndani ya ghala lake la baruti Januari 1893 Wajerumani walipoliteka boma lake. Mtu wa Tabora asiniambie hajui baruti nyingi hufanya nini.

Wenye bunduki za gumegume, zinazowashwa kwa cheche ya jiwe badala ya fataki, ni wachache siku hizi, nao nawaambia hivi: jiwe liwe na makali, limebanwa kwa kipande cha ngozi lisiteleze, na chuma linachokipiga kifutwe mafuta. Baruti ya kwenye kisahani, kile cha nje kinachopokea cheche, iwe laini na iwe kidogo, isizibe tundu la pembeni. Ukilizika tundu chini ya baruti, moto unalazimika kuungua kuelekea ndani polepole, na utasikia pengo kati ya "fyu" na mlio. Baruti za kisasa za kuigiza nyeusi zinahitaji joto kubwa zaidi kuwaka. Kwa gumegume zitakusumbua, tafuta nyeusi halisi.

Hapa naomba mdogo wangu usome taratibu. Bunduki ikikataa, usiishushe, usiigeuze, usichungulie. Moto unaweza kuwa unatambaa ndani na mlio ukaja baada ya sekunde kadhaa. Iache begani au mikononi, mtutu ukielekea pale ulipokuwa umelenga kama ni salama, na uhesabu dakika nzima, mbili ni bora. Kisha vua fataki, vika mpya, piga tena. Ikikataa tena, subiri tena, zibua chuchu kwa waya, jaribu ya tatu. Bado? Subiri, fungua chuchu, tia punje chache za baruti kavu chini yake, rudisha, vika fataki, piga ukielekeza kwenye udongo mlaini. Kabla ya kuvika hiyo fataki, hakikisha kwa mdeki kwamba gololi haijasogea. Ikishindikana, mpelekee fundi mwenye kibali bunduki ikiwa haina fataki, na umwambie mapema kwamba imeshindiliwa. Kuna wanaopasha chini ya mtutu kwenye moto ili "ikauke". Sitaki hata kuwajua.

Kuhusu karatasi: kumiliki gobore kunahitaji leseni chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na uwindaji unasimamiwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009. Uliza ofisi ya wanyamapori ya wilaya yako ni silaha gani inaruhusiwa kwa mnyama gani, kabla hujanunua hata fataki. Na mzee akikusimulia walivyokuwa wakiwinda Ugalla, sikiliza hadithi, usifuate njia: tangu 2019 ile ni Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na humo hakuna kuwinda.

Jioni, kama hukupiga, usiingie nyumbani na bunduki iliyoshindiliwa ukisema kesho utaendelea nayo. Kuvua fataki hakutoshi, kwa sababu baruti bado imo na mtoto anaweza kuokota fataki nyingine. Tafuta kichuguu au kingo ya udongo nje ya kijiji, mpe taarifa jirani asishtuke, uipige hapo. Halafu bandika maji jikoni.