Mikono haikui kwa kukunja chuma kila siku: jibu kwa mdau wa dambeli za zege

Mkuu, umesema una kilo 58, kila jioni unakunja dambeli za zege mpaka mikono inatetemeka, miezi inakatika na mikono ya shati bado inapwaya. Umeuliza uhamie jimu ya kulipia au ununue poda ya protini, na kwa nini mkono wa kulia umeuacha wa kushoto. Mimi nipo kwenye chuma muda mrefu, na sehemu kubwa ya muda huo ni jimu ya uwanjani huku Temeke, ile ya gia za Fuso na mabomba ya kuchomelea. Nitakujibu kwa yale ninayoyaona yakiwasaidia vijana wasio na hela ya kuchezea.

Zege halina kosa. Msuli haujui kama kilo 10 zimetoka dukani au kwenye kopo la rangi. Shida ni kwamba zege likishakauka, uzito wake ndio huo huo hadi kiama. Mwanzoni ulikunja mara 12 kwa tabu, sasa hivi unakunja mara 40 huku unapiga stori na jirani, halafu unashangaa mwili umetulia. Umetulia kwa sababu umeshazoea. Hata mara 25 kwenye seti moja zinajenga msuli kama zile mbili tatu za mwisho zinakukaba kweli, ila ukivuka 30 unajenga zaidi uvumilivu wa kuungua kuliko ukubwa.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, zijue kilo zako. Wapelekee jamaa wa chuma chakavu hizo dambeli, wana mizani ya kuning'iniza, watakupimia kwa dakika moja. Zege lina uzito wa kama kilo 2.4 kwa lita, kwa hiyo kopo la rangi la lita 4 likijaa linakaribia kilo 10. Ukitaka kuongeza kidogo kidogo, chukua chupa ya maji ya nusu lita, ijaze mchanga mkavu uushindilie, unapata karibu gramu 800. Ifunge kwenye mpini kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, uzungushe mara nyingi na kuuvuta mpaka chupa isicheze hata kidogo, kwa sababu kitu kinachoning'inia kitakupindisha kifundo cha mkono. Funga kila upande chupa moja, usiweke mbili upande mmoja. Ukifikisha mara 12 safi kwenye seti zote tatu, unafunga chupa. Ukishuka hadi mara 8, ndiyo vizuri, anza kupanda tena. Andika kwenye daftari au kwenye simu. Asiyeandika hajui alikunja nini Jumanne iliyopita, na wengi wanaolalamika hawaandiki.

Sasa namna ya kukunja. Egemea ukuta: visigino mbele kidogo, makalio, mgongo na viwiko vyote vimegusa. Kunja kutoka hapo. Kama chuma ulichokuwa unakirusha juu kwa mbwembwe sasa hakipandi, basi siku zote kiuno ndicho kilichokuwa kinabeba. Punguza uzito bila aibu. Anza viganja vikiangalia mapaja, ukipandisha geuza kiganja kiangalie juu, maana baisepsi, ule msuli wa mbele ya mkono wa juu, kazi yake si kukunja kiwiko tu, huo ndio msuli unaozungusha mkono kama mtu anayekaza skrubu kwa mkono wa kulia. Kushusha ndiko watu wanakojiibia wenyewe: hesabu moja, mbili, tatu taratibu mpaka mkono unyooke wote, ndipo upande tena. Seti nyingine fanya viganja vikitazamana muda wote, kama umeshika nyundo. Hiyo inaamsha msuli uliolala chini ya baisepsi pamoja na ule mnene wa juu ya kigasha, na mkono unaonekana mpana hata ukiwa umeulegeza.

Lakini nikuambie jambo ambalo vijana wengi hawapendi kulisikia: kinachojaza mkono wa shati si baisepsi. Kama thuluthi mbili za nyama ya mkono wa juu ni traisepsi, msuli wa nyuma wenye vichwa vitatu. Wewe katika maelezo yako yote hukutaja zoezi hata moja la kusukuma. Piga pushapu za viganja karibu karibu, viwiko vikipita kando ya mbavu. Zikiwa rahisi, inua miguu juu ya benchi. Kama kuna mabomba mawili sambamba, jishushe katikati yake na ujisukume juu. Halafu shika gia moja kwa mikono miwili, ipeleke nyuma ya kichwa, viwiko vitazame juu, nyoosha. Hilo la mwisho usiliache, kwa sababu kichwa kirefu cha traisepsi kimeanzia kwenye mfupa wa bega na kinavutika vizuri mkono ukiwa juu.

Na kwa baisepsi yenyewe, zoezi ninaloliheshimu kuliko dambeli zote ni kujivuta kwenye bomba, viganja vikikutazama. Hapo unabeba kilo 58 zako zote, dambeli gani ya zege itakupa uzito huo? Ukishindwa kupanda, ruka ufike juu kidevu kikipita bomba, kisha shuka kwa sekunde tano. Fanya hivyo wiki kadhaa, siku moja utajikuta unapanda. Angalizo: usining'inie goli la shuleni ambalo halijachimbiwa chini. Yale huanguka, na yameshaua watu.

Watu wataniuliza habari ya lile benchi la kulazia mikono. Ni zuri, lilipata umaarufu kupitia Larry Scott, bingwa wa kwanza wa Mr. Olympia, shindano la kutunisha misuli, mwaka 1965, na fundi seremala anaweza kukutengenezea. Ila chini kabisa linavuta sana mshipi wa kiwiko, ile kano inayoshika msuli kwenye mfupa, usilirushie uzito.

Kuhusu kila siku: acha. Msuli unajengeka ukiwa unapumzika, si ukiwa unatetemeka. Gawanya wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi, au siku tatu zenye mapumziko katikati. Jumla ya seti kama 10 kwa wiki za kukunja na kujivuta, na nyingine kama 10 za kusukuma, zinatosha kabisa zikiwa za kweli. Na miguu usiisahau, tumechoka kuona mabaunsa wenye miguu ya korongo.

Tuje kwenye poda. Kiwango ambacho kinatosha watu wengi wanaonyanyua vyuma ni gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwako ni kama gramu 93. Mayai matatu yana 18, gramu 50 za dagaa wakavu zina kama 25 au zaidi, vikombe viwili vya maharage yaliyopikwa vinakupa kama 30, na robo kilo ya unga wa sembe inaongeza karibu 20. Umeshafika, na hakuna kopo lenye picha ya Mzungu aliyetuna hapo. Poda ya protini ya maziwa si sumu, ni chakula tu cha bei ghali. Kretini, ile poda ya kuipa misuli nguvu, gramu 3 hadi 5 kwa siku, hiyo inasaidia kweli, lakini kwa mtu ambaye hata chai ya asubuhi anairuka ni kupoteza hela. Kilo zako zisipopanda hata kidogo kwa mwezi mzima, ongeza ugali kabla hujaongeza kitu kingine. Kipimo cha mkono tumia futi ya fundi cherehani, asubuhi kabla ya mazoezi. Ukipima baada ya mazoezi unapima damu.

Sindano umezigusia kwa mafumbo, nami nitakujibu wazi. Testosteroni ya kuchoma, yaani homoni ya kiume, inaufanya mwili uache kutengeneza ya kwake, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua, wengine wanaota matiti. Mafuta ya kudunga kwenye msuli ndiyo balaa zaidi, yanaacha mabonge na majipu, na hayaongezi nguvu hata ya kubeba ndoo. Kaa mbali.

Kiwiko kikianza kuuma kwa ndani, punguza uzito na siku, mishipi inachelewa kuzoea kuliko nyama. Ila ukisikia kitu kimekatika mbele ya kiwiko, pakavia damu na baisepsi ikapanda juu kama bonge, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mshipi uliokatika unashonwa vizuri zaidi ndani ya wiki za mwanzo, usisubiri kuchuliwa.

Mkono wa kulia kuuzidi wa kushoto ni kawaida, karibu kila mtu yuko hivyo. Acha kukunja mikono miwili kwa pamoja. Anza na wa kushoto, na wa kulia ufanye idadi ile ile iliyofikiwa na wa kushoto, hata kama bado una nguvu. Jimu ya kulipia utaifikiria chupa za mchanga zitakapokosa pa kufungwa. Ukishapima dambeli zako, niwekee hapa kilo zake na idadi unayofikisha ukiwa ukutani, nikupangie wiki ya kwanza.