Maswali ya wasomaji: herufi ya diski si jina lake

Swali: Kwenye faili ya /etc/fstab ya mashine yangu ya Linux (orodha ya diski za kupachikwa mashine inapowaka) nina mstari unaopachika /dev/sdb1 kwenye /data. Nimeongeza diski mpya, na sasa mashine inasubiri dakika moja na nusu kisha inaishia kwenye hali ya dharura. Diski ya zamani ni nzima. Tatizo ni nini?

Jibu: Tatizo ni mstari huo. Herufi inayofuata sd ni nafasi kwenye foleni tu: kerneli (kiini cha Linux) huwapa diski a, b, c kwa kadiri inavyozigundua. Diski mpya imetangulia ikachukua sdb, ya zamani ikasogea hadi sdc. Kwa kuwa mpya haijagawanywa kuwa patisheni (sehemu za diski), /dev/sdb1 haipo kabisa, na mfumo unaisubiri sekunde 90 bure. Hata hivyo umeponea chupuchupu. Ingekuwa na patisheni ya ext4 (mfumo wa faili wa Linux), ingepachikwa kimyakimya kwenye /data na programu zako zingeandika mahali pasipo pake.

Ukiwa kwenye hali ya dharura, ingia kama root (msimamizi) uandike `lsblk -o NAME,SIZE,LABEL,UUID`. Tafuta patisheni yako kwa ukubwa au lebo, nakili UUID yake (kitambulisho cha kipekee), kisha ubadili mstari uwe hivi:

`UUID=8d3f6a10-27c4-4b9e-a5d1-6e0f9c72b314 /data ext4 defaults,nofail 0 2`

Faili ikigoma kuhifadhiwa, tanguliza `mount -o remount,rw /`. Neno nofail huiacha mashine iwake hata diski hiyo isipokuwepo. Kabla ya kuwasha upya, endesha `findmnt --verify`, halafu `systemctl daemon-reload`, halafu `mount -a`. Kosa lionekane sasa, ukiwa umekaa mbele ya mashine.

Jihadhari na amri ya `blkid`: huonyesha UUID na PARTUUID (kitambulisho cha patisheni yenyewe) kwenye mstari mmoja, na wengi hunakili ya pili wakaiandika kama ya kwanza. UUID ni ya mfumo wa faili, kwa hiyo ukiumbiza patisheni upya kwa amri ya mkfs inabadilika. Ukinakili diski nzima kwa dd (amri ya kunakili data ghafi), nakala inabeba UUID ileile, na zikiwa zote mbili kwenye mashine hujui ipi itapachikwa. Kwa ext4, bandua nakala kwa `umount`, ikague kwa `e2fsck -f`, kisha uipe UUID mpya kwa `tune2fs -U random`.

Na kwa dd yenyewe, tunasisitiza: usiandike kamwe /dev/sdb kwa kukumbuka ya jana. Tumia majina ya /dev/disk/by-id, yenye modeli na namba ya mfululizo, ulinganishe na lebo iliyobandikwa kwenye diski. Herufi moja ikikosewa, data imekwenda.

Swali: Nimechomeka kadi ya michoro, na kadi ya mtandao iliyoitwa enp3s0 sasa ni enp4s0. Mtandao umekatika.

Jibu: en ni Etheneti, p4 ni basi namba 4 ya PCI (njia inayounganisha kadi na mashine), s0 ni sloti. Kadi mpya imesogeza namba za mabasi, na mipangilio yako bado inataja jina la zamani. Ipe kadi jina lako mwenyewe. Soma anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi) kwa `ip link`, kisha unda /etc/systemd/network/10-lan.link:

```
[Match]
PermanentMACAddress=52:54:00:1a:2b:3c
[Link]
Name=lan0
```

Usichague eth0, kwa sababu kerneli huligawa jina hilo yenyewe na mnaweza kugongana. Kwenye Debian na jamaa zake endesha `update-initramfs -u`, badilisha jina kwenye mipangilio ya mtandao, ndipo uwashe upya.

Swali: Kwa nini patisheni za NVMe (aina ya diski za SSD) zina p, kama nvme0n1p2?

Jibu: Kwa sababu jina la diski linaishia kwa tarakimu. Bila p, nvme0n12 isingejulikana ni patisheni ya 2 au kitu kingine. Kadi za kumbukumbu ni vivyo hivyo: mmcblk0p1. Skripti inayobandika "1" moja kwa moja mwishoni mwa jina la diski itafanya kazi kwenye sda na kukwama hapa.