Rafu za vitabu: plaiwudi au mbao?

Mafundi wengi wa Keko, Dar es Salaam, ukiwauliza watakwambia mbao ndiyo imara, plaiwudi ni ya kuziba mgongo wa kabati. Kwa rafu, nimeishi na zote mbili, na jibu langu linaanza na urefu, si aina ya mbao.

Ni kweli, kwa unene uleule ubao wa paini uliokauka haupindi sana kama plaiwudi. Nyuzi zake zote zinafuata urefu wa rafu, kwa hiyo zote zinabeba. Plaiwudi ina tabaka zinazokatizana, na zile zilizokatiza hazisaidii sana kubeba. Lakini tabaka hizohizo ndizo zinazoizuia kupasuka na kujikunja. Kwa unyevu wa Dar hilo ni jambo kubwa: ubao mpana wa Mafinga ukiununua Buguruni ungali mbichi, utakaukia ukutani kwako na kujikunja kama kigae.

Sasa urefu. Vitabu vizito vikijaa mita moja hufika kilo 30 hivi, na mzigo huo haushuki usiku wala mchana. Ukiongeza umbali kati ya egemeo na egemeo mara 2, huku vitabu vimejaa vilevile, rafu inabonyea mara 16. Ukiongeza unene mara 2, kubonyea kunapungua mara 8. Ndiyo maana mimi sizidishi sentimita 80 bila egemeo kwa plaiwudi ya milimita 18, na ile ya milimita 12 naiachia nguo.

Ukihitaji rafu ndefu zaidi, gundisha na kupigilia kipande cha paini cha inchi 1 kwa 2 kwenye ukingo wa mbele, kisimame wima. Kipande hicho peke yake ni kigumu kupinda kuliko plaiwudi yote ya milimita 18 yenye upana wa sentimita 30. Pia kinaficha tabaka, rafu inapendeza. Kwangu huu ndio mchanganyiko bora kuliko mbao tupu.

Jikoni na karibu na bafu, ulizia plaiwudi ya gundi isiyoachia kwa maji. Mchwa hula zote, kwa hiyo paka dawa kabla ya rangi, hasa upande unaogusa ukuta.

Na dukani wakikukatia shiti ya futi 4 kwa 8, simamia mwenyewe: nyuzi za juu zifuate urefu wa rafu. Wakikata kinyume, rafu itabonyea mapema.