Ukumbi wa sanaa wa jamii: anza na daftari la mauzo

Mdau ameuliza: familia imemwachia chumba cha mbele cha nyumba ya urithi, anataka kukifanya ukumbi wa maonesho wa wasanii wa mtaani kwake, usio wa kugawana faida, na wote wajione wamo. Aanzie wapi? Wengi mmemjibu habari za wafadhili. Mimi nimo kwenye kikundi kinachoendesha ukumbi wa aina hiyo Ngamiani, Tanga, na ningemshauri aanze na daftari la mauzo.

Msanii asiye na jina anapoleta kazi yake, anataka kujua ikiuzwa atapata ngapi, na lini. Kwetu kila kazi inayoingia inaandikiwa hati nakala mbili: jina la kazi, vipimo, vifaa, bei aliyoitaja mwenyewe, na tarehe ya kuja kuichukua isipouzwa. Ukumbi unabaki na asilimia 20, yeye 80. Mnunuzi akilipa, fedha ya msanii inaingia kwenye simu yake siku hiyohiyo, pamoja na picha ya stakabadhi. Kumbi za biashara aghalabu huchukua hata nusu, na sizilaumu, zina pango la mjini na mishahara. Lakini ukijiita wa jamii kisha mchongaji akawa anazungushwa njoo kesho, njoo Jumatatu, hatarudi, na wenzake hawatakuja kabisa. Asiyejua kusoma anasomewa hati mbele ya mtu wake, ndipo anaweka dole gumba.

La pili ni kazi ya nani inatundikwa. Kamati ya uteuzi ikijaa watu waliosoma chuo kimoja, itachagua kazi zinazofanana na zao, tena kwa nia njema kabisa. Kwa hiyo tuna ukuta mmoja usio na mchujo: mkazi yeyote ana haki ya kazi moja kila msimu. Kuta nyingine zina kamati, na wajumbe wake hubadilishwa kila mwaka. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha mtindo wa uchoraji unaoitwa kwa jina lake, hakupita chuo chochote cha sanaa. Alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia hadibodi (mbao nyembamba za nyuzi za mti zilizoshindiliwa) na rangi za kupaka baiskeli, akawafundisha ndugu na vijana waliomzunguka. Alifariki mwaka 1972, nao wakaendelea mpaka wakawa na ushirika wao mwaka 1990. Sidhani kama kamati ya wasomi wa enzi zile ingempokea, na ndiyo maana ule ukuta siruhusu uguswe.

Jambo linaloniuma zaidi ni kina mama wa ukili, ule ukanda wa majani yaliyosukwa unaoshonewa mikeka. Mwanamke anachuma miyaa, anaianika, anaichana, anaitia rangi, anasuka ukili kwa wiki kadhaa, kisha anaushona mkeka wenye nakshi ambayo mchoraji hawezi kuipanga bila kupima kwa rula. Mkeka huo kwenye maonesho mengi hutandikwa chini ili watu wakalie. Sisi tunautundika ukutani pamoja na michoro, na kibandiko kilekile: jina kamili la msusi, mwaka, vifaa, bei. Mama mmoja alisimama mbele ya kibandiko chake, akamwambia mjukuu amsomee mara mbili, kisha akaomba bei ipandishwe. Tuliipandisha, na mkeka ukauzwa.

Milango nayo inachuja watu. Kizingiti chetu kimewekewa mteremko wa saruji, na picha tunazitundika chini kidogo ya mazoea ili aliye kwenye kiti cha magurudumu asikodolee macho juu. Wasanii viziwi wakishiriki, gharama ya mkalimani wa lugha ya alama inaingia kwenye bajeti tangu mwanzo. Ufunguzi tunaufanya Jumamosi alasiri, kwa sababu ukiuweka usiku wanawake wengi wa mtaani hawaji. Na kwa hali ya hewa ya pwani, acha nafasi kati ya picha na ukuta. Hadibodi ikinyonya unyevu huvimba pembeni, na hasara inakuwa ya msanii.

Usajili si mgumu. Kikundi cha kijamii kinaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mkitaka kuwa shirika, ipo Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, na jiandaeni kwa ripoti na ada za kila mwaka. Kuuza kazi si tatizo, ila ziada isigawanwe kwa wanachama. Ile mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, waachieni vikundi vya wasanii wanunue vifaa. Ukumbi usilipie umeme kwa mkopo.

Nyumba ikiwa ya urithi, warithi wote watie saini ya matumizi ya chumba hicho, na muda utajwe, kabla hujapiga msumari. Mdau akitaka maneno ya hati yetu ya kupokea kazi nitayaandika hapahapa, abadilishe asilimia kulingana na gharama zake.